Muulize Mjomba: Mpiganaji yumo ndani ya diski, mbona nalipishwa tena?

Shikamoo Mjomba,

Nakusoma siku zote, ila sikuwahi kufikiri kwamba na mimi nitakuandikia, tena kwa ajili ya gemu. Naomba usinicheke.

Nina mdogo wangu wa kiume, ana miaka 12. Wazazi wetu wako mbali kikazi, kwa hiyo mimi ndiye ninayeishi naye na ninayemlipia kila kitu. Alipofaulu mitihani nilimnunulia gemu ya mapigano ambayo alikuwa akiiimba mwaka mzima. Nilinunua ile ya kwenye kasha, yenye diski, kwa bei kamili, maana nilitaka siku ya kuipokea ashike kitu mkononi.

Tukaiweka. Kwenye ukurasa wa kuchagua wapiganaji, safu ya chini yote imefifia, na juu ya kila uso kuna kufuli dogo la njano. Nikadhani ni yale mambo ya zamani, kwamba unacheza, unashinda, kufuli linafunguka. Mdogo wangu akabonyeza uso mmoja, ikatokea bei. Yaani ile nailoni ya kasha bado iko sakafuni na tayari tunaambiwa tuongeze hela. Mmoja wa waliofungiwa ni yule dada mwenye mkuki aliyechorwa katikati kabisa ya jalada, na ndiye mdogo wangu aliyekuwa akimtaka.

Kilichoniudhi zaidi kikaja baadaye. Rafiki yake alimnunua mmoja wa hao wapiganaji mbele yetu. Nilitarajia tungoje apakuliwe kama kawaida. Wapi! Kilichopakuliwa kilikuwa kilobaiti mia na kitu, kikaisha kabla hajaweka rimoti chini, na mpiganaji yuko tayari, ana sauti yake na uwanja wake. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwemo humo humo kwenye diski tangu mwanzo. Tulichouziwa ni ufunguo.

Sasa nyumbani ni mabishano kila siku. Binamu yetu, ambaye anatengeneza programu za simu, ananicheka waziwazi. Anasema sikununua vilivyomo kwenye diski, nimenunua ruhusa ya kucheza nilichoruhusiwa, na kwamba watengenezaji nao wana mishahara ya kulipa. Mimi namwambia huu ni wizi wa mchana kweupe. Katikati ya ugomvi huo, rafiki wa mdogo wangu amemletea faili ambalo eti ukiliweka kwenye konsoli makufuli yote yanafunguka bure. Mdogo wangu akaniuliza kwa adabu kabisa: "Kaka, kama tumeshalipia diski, na wao wamo ndani ya diski, kuna ubaya gani?" Nilikosa jibu.

Na kuna jingine. Gemu hiyo hiyo inauza visanduku vya bahati, unalipa bila kujua utatoka na nini. Ana vijisenti vyake alivyoweka akiba, anaomba nimruhusu avinunulie, labda atampata yule dada humo.

Mjomba, ni haki kulipishwa zaidi kwa kitu ambacho tayari kipo mikononi mwangu? Nilipe? Nimwache atumie lile faili?

Kaka Mlezi

*

Marahaba mpwa wangu.

Sikucheki hata kidogo. Barua nyingi za ndoa ninazopokea hazina ushahidi uliopangwa vizuri kama wa barua yako. Ila ushahidi wako wenye nguvu zaidi umeupitia mbio mbio, ukaenda kukaa kwenye ule dhaifu. Acha nianze na huo dhaifu.

Hasira zako umezielekeza kwenye zile kilobaiti. Hoja yako ni kwamba mpiganaji alikuwemo kwenye diski, diski umeilipia, basi mpiganaji ni wako na anayekudai hela anakuuzia mali yako mwenyewe. Naielewa, lakini haisimami kwa miguu yake. Kuuza kitu kilichofungiwa ndani ya diski ni jambo la zamani kuliko mdogo wako. Mwaka 1993 kampuni ya id Software ilipotoa Doom, sehemu ya kwanza iligawiwa bure na ukiipenda unalipia zilizobaki. Mwaka 1996 wakasogea mbele zaidi. CD ya majaribio ya Quake iliuzwa kwa bei ndogo, na ndani yake zilikuwemo gemu zao nyingine, nzima nzima, zimefungwa. Unapiga simu, unalipa, unatajiwa namba ya kuzifungulia. Haukupita muda watu wakayavunja makufuli hayo, kwa hiyo lile faili la rafiki wa mdogo wako lina babu zake.

Sasa niambie, nani alidhulumiwa pale? Mimi simwoni. Aliyenunua CD ile alijua ananunua majaribio, bei ilikuwa ya majaribio, na kilichofungwa kilitajwa kwamba kimefungwa. Mzigo wote ulikuwa mezani kwake, na bado hakuna aliyemwibia.

Halafu gemu za mapigano zina sababu yao nyingine, na hapa binamu yako angekueleza badala ya kukucheka. Ukicheza mtandaoni na mtu aliyemnunua yule dada wa mkuki, konsoli yako lazima iweze kumchora, kumrusha na kumtoa sauti, hata kama wewe hukumnunua. Bila hivyo utakuwa unapigana na hewa. Kwa hiyo data zake lazima zifike kwako kwa njia moja au nyingine, ama na diski, ama na sasisho. Siku ukiona gemu inapakua gigabaiti kadhaa ambazo hukuziomba, mara nyingi humo wamo wapiganaji walionunuliwa na wengine.

Kuna na utetezi wa tatu ambao watengenezaji huutoa, na ni wa kweli kwa kiasi chake. Gemu kubwa hujengwa na mamia ya watu, na hawamalizi kazi siku moja. Wachoraji huwa wameshaweka kalamu chini wakati wanaosaka hitilafu bado wanakesha. Tena gemu ya diski haitoki ofisini ikaingia dukani kesho yake. Inakaguliwa na wenye konsoli, inakwenda kiwandani, inachapwa, inasafirishwa, na hizo ni wiki nzima nzima. Katika wiki hizo wachoraji hupewa nyongeza waishughulikie, ikiwa na bajeti yake, na ndiyo maana unaweza kukuta kitu cha kulipia kimekwisha kuwa tayari siku ile ile gemu inapotoka.

Lakini sikiliza vizuri. Utetezi huu unamfaa yule aliyetengenezwa baada ya diski kwenda kiwandani. Aliyechapwa ndani ya diski alikuwa amekamilika kabla. Binamu yako akiuleta huu, mrudishie.

Kesi ya namna yako ilishawafika wakubwa. Machi 2012 Capcom walitoa Street Fighter X Tekken. Watu wakaichungulia diski, wakakuta wapiganaji 12 wamefungiwa ndani, mpango ukiwa kuwauza baadaye kwa dola 20. Malalamiko yakafika kwenye shirika la Marekani linalopokea kero za wateja, na kampuni ikajibu kwamba hakuna tofauti ya maana kati ya kufungua kilichomo kwenye diski na kupakua kitu kutoka mtandaoni.

Kuhusu data, nakubaliana nao, na nimekwisha kukueleza kwa nini. Kinachokera ni kwamba walijibu swali ambalo wateja hawakuuliza. Mtu aliyelipa bei kamili alikuwa anataka kujua kama gemu iliyokamilika ilikuwa na watu wale 12 na yeye akauziwa iliyopunguzwa. Hilo halijibiwi kwa kueleza faili limelala wapi. Mwaka huo huo kampuni ikasema itaufikiria upya utaratibu huo wa kufungia vitu kwenye diski, na kama wateja wangenyamaza sidhani wangeufikiria.

Mwezi huo huo wa Machi 2012 ilitoka pia Mass Effect 3. Siku ya kwanza kabisa ikauza, kwa dola 10, mhusika anayetoka katika jamii ambayo mfululizo wote ulikuwa ukiizungumzia tangu sehemu ya kwanza. Mashabiki waliokasirika walikasirika kwa sababu walihisi mtu huyo ni kiungo cha hadithi na si pambo la pembeni. Hapo nawaunga mkono.

Sasa turudi kwenye barua yako. Umeandika, kama mtu anayetaja rangi ya shati, kwamba mmoja wa waliofungiwa ni yule dada "aliyechorwa katikati kabisa ya jalada".

Mpwa wangu, kesi yako yote iko hapo!

Jalada ni tangazo. Mwenye gemu alikaa na wachoraji wake, akaamua ni uso gani utakaomfanya kijana wa miaka 12 aiimbe gemu hiyo mwaka mzima, akauweka katikati. Kisha uso huo huo akautoa kwenye kile unachopata kwa bei iliyoandikwa kwenye kasha hilo hilo. Data zingekuwa kwenye diski, zingekuwa kwenye seva ng'ambo ya bahari, zingekuwa mwezini, kwangu ni mamoja. Umeoneshwa kitu, ukalipa, hukupewa. Wale wengine wa safu ya chini siwezi kukutetea sana juu yao, kama hawakuoneshwa wala kutajwa popote kabla hujalipa. Huyu mmoja nakutetea mpaka mwisho.

Chukua kasha uligeuze. Soma yale maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo hayasomwi na mtu. Pengine utakuta onyo kwamba gemu ina vitu vya kununua ndani yake. Kwenye gemu zinazopangiwa umri na PEGI ya Ulaya huwa kuna alama ya mkono ulioshika kadi, iliyoanza kuwekwa mwaka 2018, na ESRB ya Marekani nayo ina maneno yake ya namna hiyo. Watakujibu kwamba walikuonya. Usitetereke. Onyo la kwamba kuna vitu vya kununua halisemi kwamba mtu wa kwenye jalada ni mmoja wa vitu hivyo. Kama kuna mstari unaosema hivyo kwa jina lake, hapo wamekushinda kisheria, ingawa mimi bado nitawaona wajanja wabaya.

Kama mstari huo haupo, piga picha tatu: mbele ya kasha, nyuma ya kasha, na ule ukurasa wenye kufuli na bei ya yule dada. Anza na muuzaji, kisha mchapishaji wa gemu. Barua iwe fupi. Usiandike habari za kilobaiti, maana ukizitaja watakupeleka kwenye majibu ya Capcom na utapotelea huko. Andika kwamba umenunua bidhaa kwa kutazama jalada, na kilichopo kwenye jalada hakipatikani kwa bei uliyolipa. Omba moja kati ya mawili, wakupe mpiganaji huyo au wakurudishie hela. Wasipojibu, peleka picha zile zile kwenye mamlaka ya kulinda walaji unakoishi. Nchi nyingi zina sheria dhidi ya tangazo linalopotosha, na sheria hizo hazijali kama bidhaa ni sabuni au gemu.

Umeniuliza pia, kwa jumla, kama ni haki kulipisha zaidi. Ndiyo, inaweza kuwa haki kabisa, na nisingependa umfundishe mdogo wako kwamba kila nyongeza ni utapeli. The Witcher 3 ilipotoka mwaka 2015 waliitoa na nyongeza ndogo 16 bila malipo, kisha wakauza mbili kubwa, moja Oktoba 2015 na nyingine Mei 2016, kila moja ikiwa na hadithi yake ya saa nyingi. Waliolipa walijua wanalipia nini, na ambaye hakulipa alikuwa na gemu nzima iliyoanza na kuisha. Hata ule mkasa maarufu wa mwaka 2006, pale Oblivion ilipouza vazi la chuma la farasi kwa dola 2.50 na dunia ya wachezaji ikacheka mpaka leo, mimi sikuuona kuwa dhuluma. Vazi lenyewe halikuwa na maana. Lakini lilionekana, bei ilionekana, na farasi alikimbia vizuri tu bila vazi.

Kwenye hela binamu yako ana hoja ya nusu. Gemu kubwa Marekani zilikaa kwenye bei ya dola 60 kuanzia mwaka 2005 hivi hadi 2020, wakati gharama za kuzitengeneza zilikuwa zikipanda, na nyongeza ndizo zilizoziba sehemu ya pengo hilo. Tangu 2020 nyingi zimepanda kuwa dola 70. Makufuli sijayaona yakipungua.

Kinachonitisha mimi si kitu cha ziada kuuzwa. Ni pale gemu inapofanywa ichoshe makusudi, halafu dawa ya uchovu ikauzwa. Novemba 2017 EA walikuwa karibu kutoa Star Wars Battlefront II. Wachezaji waliopata kuionja mapema wakapiga hesabu kwamba kumfungua shujaa mmoja, Luke Skywalker au Darth Vader, kungechukua saa 40 hivi za kucheza, na huku kuna visanduku vya kulipia vya kukusogeza mbele. Mwakilishi wa kampuni akajibu mtandaoni kwamba lengo ni kumpa mchezaji fahari ya kufanikiwa, na jibu hilo likakataliwa kwa kura nyingi kuliko maoni mengine yoyote katika historia ya Reddit. Bei ya mashujaa hao ikashushwa kwa asilimia 75, na siku moja kabla ya gemu kutoka rasmi, ununuzi wa kulipia ukazimwa wote kwa muda. Tofautisha hilo na dada yako wa mkuki. Yeye hamchoshi mtu. Gemu inachezeka bila yeye, na kama asingekuwa kwenye jalada ningekuambia uwaache na biashara yao.

Kuhusu ile kauli ya binamu kwamba umenunua ruhusa tu, ni kweli, na usibishane naye hapo utapoteza. Ukinunua gemu unapata leseni ya kuitumia. Jimbo la California lina sheria, iliyoanza Januari 1, 2025, inayowalazimisha wauzaji wa mtandaoni kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni, badala ya kumwachia neno "nunua" likamdanganya. Na waliokuwa na The Crew ya Ubisoft waliionja leseni hiyo Machi 31, 2024, seva zilipozimwa na gemu waliyoilipia ikawa haifunguki tena, hata ile ya diski.

Lakini mwambie binamu aimalize hoja yake. Kama nilichonunua ni ruhusa, basi mipaka ya ruhusa hiyo ndiyo bidhaa yenyewe, na nilipaswa kuoneshwa mipaka kabla ya kutoa hela. Anayeuza ruhusa ana wajibu mkubwa zaidi wa kusema inaishia wapi kuliko anayeuza kitu cha kushika. Hoja yake inakusaidia wewe. Na asidhani haya ni mambo ya gemu peke yake. Mwaka 2022 BMW katika baadhi ya nchi walikuwa wakitoza ada ya mwezi ili kiti cha gari kipate joto, wakati kiti kina nyaya zake zote tangu kiwandani. Wenye magari walipiga kelele, na mwaka uliofuata kampuni ikaiacha ada hiyo ya viti.

Lile faili sasa. Swali la mdogo wako ni zuri, na ulifanya vema kunyamaza kuliko kumjibu "ni dhambi" ukaondoka. Mwambie ukweli kwamba kwa yule dada wa jalada ana madai ya haki, na kwa wale wengine hana, kwa sababu hakuna aliyemwahidi. Faili hilo halijui tofauti hiyo, linafungua wote. Mwambie pia kwamba nchi nyingi sheria inakataza kuvunja kufuli la kidijitali hata kwenye nakala yako mwenyewe. Marekani wana sheria hiyo tangu 1998. Konsoli ikigundulika imechezewa hufungiwa kucheza mtandaoni, na gemu ya mapigano isiyochezwa mtandaoni utaicheza na nani? Sembuse faili lenyewe, ambalo halijulikani limeandikwa na nani, linakwenda kukaa kwenye mashine yenye akaunti yako na pengine kadi yako ya benki.

Zaidi ya yote, mna malalamiko yenye nguvu mkononi. Mkivunja kufuli leo, kesho mnapoandika barua mtakuwa ninyi ndio mnaoulizwa maswali. Faili lifutwe.

Ulipe? Kwa sasa, hapana. Subiri jibu la barua. Wakikataa, bado usikimbilie, kwa sababu gemu za mapigano zina tabia ya kutoka tena baada ya mwaka au miwili zikiwa na watu wote ndani. Mortal Kombat ya 2011, kwa mfano, ilirudi mwaka 2012 katika toleo kamili lenye wapiganaji waliokuwa wakiuzwa pembeni. Kama kungoja kunamtesa mtoto na hela ipo, nunua mmoja, yule anayemtaka. Kama wanauza pasi ya msimu, yaani malipo ya mkupuo kwa wapiganaji watakaotoka baadaye, iache; ni kulipia leo watu ambao bado hujawaona. Na kabla hujabonyeza, tazama kama bei imeandikwa kwa hela au kwa sarafu za ndani ya gemu. Sarafu hizo huuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei ya vitu, unanunua fungu, unabaki na chenji isiyotosha kununua chochote, na chenji hiyo inakaa ikikukonyeza.

Weka namba ya siri kwenye malipo ya akaunti leo jioni. Sisemi mdogo wako mwizi. Desemba 2022 tume ya biashara ya Marekani ilikubaliana na Epic Games, wenye Fortnite, walipe dola milioni 245 za kurudishiwa wateja, na sehemu ya shauri ilikuwa kwamba vitufe vilipangwa vibaya kiasi cha mtu kununua kwa kubonyeza mara moja bila kukusudia, na watoto walinunua bila ridhaa ya mzazi. Kama kampuni kubwa ilifikishwa hapo, kidole cha miaka 12 kitakosea tu.

Kisha umwite mdogo wako mwandike ile barua pamoja. Picha azipige yeye. Ameumizwa na kitu ambacho wewe hukukifanya, na mpaka sasa anasikia wakubwa wawili wakibishana juu ya kichwa chake.

Kuhusu visanduku vya bahati, jibu langu ni hapana, hata kama hela ni zake. Huko hatuzungumzii tena bei ya kitu, tunazungumzia kamari iliyovishwa nguo za watoto, na si mimi peke yangu ninayesema. Japani ilipiga marufuku aina mojawapo mwaka 2012. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba visanduku vya gemu kadhaa, FIFA 18 ikiwemo, vinavunja sheria ya kamari, na mwaka uliofuata EA wakaacha kuuza huko pointi za FIFA, zile za kununulia visanduku hivyo. China tangu 2017 inawalazimisha wenye gemu kutangaza uwezekano wa kupata kila kitu.

Tafuta kwenye gemu yenu kama uwezekano huo umeandikwa. Mara nyingi huwa umefichwa ndani ya kitufe cha maelezo. Tuseme umekuta yule dada ana nafasi moja katika 100. Mdogo wako atadhani akinunua visanduku 100 atampata. Mpe kikokotoo, azidishe 0.99 kwa yenyewe mpaka ziwe 100. Atapata karibu 0.37, maana yake hata baada ya visanduku 100 vyote, uwezekano wa kutoka mikono mitupu ni kama asilimia 37. Muulize kama bado anataka. Akisema ndiyo, bado ni hapana.

Mjomba